Injini Chini ya Kitambaa cha Mama

Dizeli ikishaingia ndani ya nyumba haitoki. Unaweza kusugua sakafu kwa sabuni ya unga, ukafungua madirisha yote, ukachoma ubani ukitaka, bado utaamka asubuhi ladha yake iko kwenye ulimi. Nayajua haya kwa sababu muhula mmoja mzima wa utoto wangu nililala karibu na injini ya dizeli, ndani ya chumba chetu cha baraza la jiji pale Shauri Moyo, na sikuwa nimemkosea mtu. Nilitoka shuleni jioni moja, nikavua viatu mlangoni kama nilivyofunzwa, nikainua macho, nikaiona. Ilikuwa imekaa palipokuwa na meza, juu ya vipande viwili vya mbao, nyeusi, kubwa, mabomba yametokeza kila upande, na tone la oili likining'inia chini yake juu ya zulia la Mama. Nilisimama pale na kiatu mkononi. Nikauliza, "Mama, hii ni nini?" Mama alikuwa nyuma ya pazia, upande wa jikoni, na hakujisumbua kugeuka. "Muulize babako," alisema, kwa ile sauti ambayo sisi wa nyumba ile tuliijua vizuri, ya kwamba leo kuna mtu atakula ugali baridi.

Baba alikuwa dereva, Mkamba wa Mbooni aliyekuja Nairobi kijana na kuendesha magari ya watu wengine mpaka nywele zikaanza kumtoka. Gari lake mwenyewe alilipata kampuni aliyoifanyia kazi, ya kuchimba visima, ilipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada. Lilikuwa gari kuukuu la forwili, yaani lile ambalo magurudumu yote manne husukuma, la rangi ya kijivu, bodi imekunjamana pande zote. Watoto wa mtaa walilibatiza Kobe. Injini yake ya petroli ilikunywa kuliko mlevi wa mwisho wa mwezi, kisha siku moja ikafa kabisa, na Kobe akabaki juu ya mawe kwenye uwanja wa kuanikia nguo, kuku wakitaga chini yake. Mtu mwingine angelikata vipande akawauzia watu wa vyuma. Baba yeye aliamua kulitia moyo mpya. Akaenda Grogani kwa wauza vipuri, akachagua injini ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu ya Kijapani, changa kuliko Kobe kwa miaka mingi sana, akaileta kwa mkokoteni. Kuiacha nje hakukuwezekana. Soko la Gikomba liko hapo tu, na mafundi wa mabati wako hapo tu. Chuma ukikiacha nje jioni, asubuhi unakikuta kimekuwa jiko la makaa na kinauzwa.

Mama alikasirika kwa siku kadhaa, kisha akafanya jambo lililonishtua kuliko injini yenyewe. Alichukua kitambaa chake kikubwa cheupe, kile alichokifuma kwa mkono, chenye maua pembeni, akaifunika injini nacho. Wanawake wa kanisa walikuwa wakija kwa maombi ya nyumba kwa nyumba na hakutaka maneno. Wakaja, wakaketi, wakaimba, na mmoja wao akaweka kikombe chake cha chai juu ya kitambaa, katikati kabisa, akanyoosha miguu. Nilimtazama Mama. Mama alinitazama mimi kwa jicho la kusema thubutu ufungue mdomo. Yule mama alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akasifu kitambaa, akasema meza ile ni imara. Haki ya Mungu, nilijiuma ulimi mpaka machozi yakanitoka, na wao wakadhani ni Roho.

Lakini Baba hakuwa anafanya mchezo, na Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakuitupa nje ile injini. Mama yake Baba, tuliyemwita Susu kama Wakamba wote wanavyowaita bibi zao, alikuwa kipofu. Mtoto wa jicho, ule utando mweupe, ulikuwa umemfunga macho yote mawili kabla mimi sijazaliwa. Mimi ndimi niliyebeba jina lake, Mwikali, na kwa desturi yetu anayebeba jina la bibi ni bibi mwenyewe aliyerudi kuwa mdogo. Kwa hiyo Baba hakuniita Mwikali hata siku moja, aliniita Mwaitu, mama yangu. Mwanamke yule alikuwa amepewa mtu wa jina lake hapa duniani na hakuwahi kumwona. Kila likizo nikienda kwake aliniuliza nimevaa nini, ngozi yangu ni ya nani, meno yangu yamekaaje, na mimi namweleza, nadanganya kidogo hapo kwenye meno. Sasa Baba alikuwa amesikia kwamba madaktari wa macho wangekuja hospitali moja ya Nairobi mwishoni mwa muhula, wapasue watu kwa siku chache, kisha waondoke, na hakuna aliyejua wangerudi lini.

Utasema, si angepanda basi? Nyumba ya Susu ilikuwa juu kabisa ya mlima, na njia ya kwenda huko ilikuwa udongo mwekundu, mwinuko, makorongo, na mvua ikinyesha hata mbuzi waliteleza. Magari ya kawaida yaliishia sokoni chini. Wakati fulani nyuma walimteremsha Susu kwa punda wampeleke kliniki, punda akashtuka, Susu akaanguka akavunjika mkono, na siku ile akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatapanda tena mgongo wa mnyama wala wa mtu, atashuka mlima ule kwa gari la mwanawe au kwa jeneza. Na Susu akiapa alikuwa ameapa. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipowaona wanaume wakiinama juu ya Kobe nilikuwa najua vizuri wanachokitafuta. Walikuwa wananitafutia macho ya kuniona.

Fundi alikuwa jirani yetu, Baba Nekesa, Mluhya wa Bungoma aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli. Alikuwa na mikono minene, na akifanya kazi alizungumza na vyuma kwa kuvitukana kwa upendo. Niligundua wakati ule kwamba injini changa na gari zee hawapendani. Miguu ya injini haikukaa kwenye mashikio ya zamani, Baba Nekesa akachomelea mapya. Injini ilikuwa ndefu kwenda juu, boneti ikakataa kufunga, ikawekwa pembeni, na sisi watoto tukaifanya ubao wa kutelezea. Kubwa zaidi, bakuli la chini linalobeba oili liligonga ekseli ya mbele. Baba Nekesa alilitoa, akalikata, akalichomelea upya likiwa fupi na pana. Nakumbuka akamwita Baba akamwonyesha kile kijiti cha kupimia oili. "Baba Mwikali, hiki kijiti sasa ni cha kuchokolea meno," alimwambia. "Bakuli si lile. Usikiamini. Oili nimeipima mimi kwa mkono wangu, imetosha, usiongeze." Baba akaitikia ndiyo, fundi wangu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na siku ya macho ya Susu, kama nilivyoiita kichwani mwangu, ilikuwa wiki iliyofuata. Mtaa mzima ulikuja. Mchungaji aliitwa aombee gari. Wanawake waliwasha majiko hapo hapo uwanjani, wakakanda unga, Mama akiwa kwenye kibao chake akisukuma chapati kwa ghadhabu, maana alikuwa bado hajaamini kwamba lile bati lingetembea. Baba Nekesa alikwenda nyumbani kuoga na kubadilisha shati, kwa sababu hakutaka kuombewa akiwa na grisi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kule Ukambani, zamani, mtu akijenga nyumba au akipata kitu kikubwa, wazee walimwaga pombe kidogo chini, wakaita majina ya waliotangulia. Watu wa kanisa walikuwa wameacha pombe, lakini mkono uliozoea kumwaga hauachi kumwaga. Kwenye mtaa wetu gari likipata injini, kila nyumba ilileta kikombe cha oili, na mwenye nyumba alikimimina mwenyewe ndani ya injini huku akitamka baraka yake. Wakamba walianzisha, Waluhya wakaipenda, Waluo wakaiongezea hotuba. Kwa injini za kawaida mwenye gari aliacha nafasi, akajua watu wana kikombe chao. Hapa nafasi haikuwepo. Lakini walikuja, mmoja mmoja, na vikombe, na chupa za soda zenye oili waliyobakiza madereva, wakapanga foleni kama ya sadaka. "Umlete mama salama." Mmm, kikombe. "Shetani asipite kwenye hizi paipu." Kikombe. Mama mmoja wa mlango wa mwisho alikuja na mafuta ya kupikia, Baba akataka kumzuia, yule mama akamwambia Mungu hasomi lebo, akamimina. Baba alisimama pale, anatabasamu, jasho linamtoka. Angemwambia nani kwamba baraka yake haina nafasi? Angemrudisha nani na kikombe mkononi mbele ya watu? Alimwacha kila mtu amimine, akafunga kifuniko, akamwomba Mungu kimoyomoyo, na Baba Nekesa aliporudi ananukia sabuni hakuna aliyemwambia kitu.

Mchungaji akaomba kwa kirefu. Baba akapanda, akageuza ufunguo. Kobe akakohoa, akatoa moshi, akashika. Jamani! Sauti ile ilikuwa nzuri. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana waliokuwa ukutani wakapiga kelele, "Manze, Kobe amefufuka!" na mimi nikaruka juu nikaanguka nikaruka tena. Baba Nekesa alikuwa ameinama mbele, pale boneti ingekuwa, anatabasamu kama bwana harusi. Baba akakanyaga mafuta kidogo, injini ikaitikia, akaondoa mguu.

Injini haikushuka. Kwanza tulidhani Baba anatuonyesha ujuzi. Ikapanda kidogo, ikapanda tena, halafu ikaanza kulia, sauti inakwenda juu, juu, mpaka nikasikia uchungu ndani ya meno. Moshi wa buluu ulitoka nyuma ukafunika nguo zilizokuwa kwenye kamba. Kobe alitetemeka mpaka milango ikafunguka yenyewe. Nikamwona Baba akichomoa ufunguo. Akauinua juu, nje ya dirisha, tuuone sote, na injini ikaendelea kulia kana kwamba hakuna kitu kilichofanyika. Sijawahi, kabla ya siku ile wala baada yake, kuona watu wazima wakishtuka namna ile. Mashine inazimwa na ufunguo; hivyo ndivyo dunia ilivyo; na sasa ufunguo uko mkononi mwa Baba na mashine inakataa. "Ina pepo!" mtu akapiga kelele, na uwanja ukatawanyika. Nilimwona mchungaji wetu, mtu mzito wa suti, akiruka kamba ya nguo na Biblia kwapani. Wale vijana wa ukutani sikuwaona tena hadi Jumatano.

Baba Nekesa peke yake ndiye aliyeelewa. Dizeli haihitaji umeme ili iwake. Inahitaji hewa na kitu cha kuunguza, na ile oili yote ya baraka ilikuwa inapanda kutoka chini na kuingia kwenye njia ya hewa, injini inajila yenyewe. Ingeendelea hadi ipasuke. "Hewa! Zibeni hewa!" alipiga kelele, akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa bomba la hewa, ambalo lilikuwa wazi kwa sababu chujio halikuwa limefungwa. Bomba likamvuta mkono kwa nguvu, akapiga ukelele, akaung'oa, akaanguka chali, damu imejaa kwenye kiganja. Baba alikuwa amekwama ndani ya moshi anakanyaga kila kilichokanyagika. Na mimi nilikuwa nimesimama, ninalia kwa ajili ya Susu, kwa sababu niliona wazi kabisa kwamba sasa hataniona kamwe, basi, yameisha.

Ndipo nikamwona Mama. Watu wote walikuwa wanakimbia kuelekea huku, yeye alikuwa anakimbia kuelekea kule. Mama yangu, aliyelichukia lile gari tangu siku lilipoletwa, alipita katikati ya moshi na leso yake kiunoni, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, amebeba kibao cha chapati. Alikibandika kile kibao kwenye mdomo wa bomba, akakilalia kwa uzito wake wote, akafumba macho. Injini ililia, ikatetemeka, ikamtikisa Mama mwili mzima, ikakohoa mara moja. Ikanyamaza.

Nilisikia chapati ikiungua. Mama alijiinua taratibu, akakitazama kibao chake, kina duara jeusi katikati, akamtazama Baba. "Mmeniharibia kibao," alisema. Kisha akaketi chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Baba akatoka garini akaketi kando yake. Sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo hadharani, na nikashtuka upya. Baba Nekesa naye, mkono umefungwa kwa kitambaa, akauliza kwa upole wa kutisha, "Mlimwaga nini humu ndani?" Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, macho chini. Mimi kikombe kimoja tu. Mimi nusu. Mimi kile kidogo cha mtoto. Alipofungua bolti ya chini oili ilijaa karai, ikajaa karai la pili, na bado inakuja. Baba Nekesa aliitazama ikimwagika. "Hamkutaka gari lifike," alisema. "Mlitaka lizame."

Alifanya kazi siku zilizofuata na mkono mmoja, Baba akiwa mkono wa pili. Aliifungua injini juu, akaikagua, akaosha njia za hewa, akatia oili yake na kuketi kando ya tundu kama askari mpaka kifuniko kilipofungwa. Hakuna jirani aliyesogea karibu. Ilipowashwa mara ya pili Mama alisimama mbele na kibao mkononi, na hakuna aliyecheka. Injini ilinguruma chini chini, ikatulia, ufunguo ulipogeuzwa ikazimika kama mtoto mwenye adabu. Kesho yake asubuhi Baba na Baba Nekesa waliondoka kwenda Mbooni, na jioni ya siku iliyofuata Kobe alirudi na matope hadi kwenye vioo, na ndani yake, amefungwa blanketi, amekumbatia kuku, alikuwa Susu. Alikuwa anamgombeza Baba kwa kuendesha kwa kasi. Kwa furaha nilishindwa hata kumsalimia.

Walimpasua. Asubuhi ya kumfungua macho Mama alinipeleka hospitalini nimevaa gauni la Krismasi, nimepakwa mafuta usoni mpaka nang'aa. Muuguzi akaondoa bandeji. Susu akapepesa, akamtazama Baba kwanza, akashtuka. "Nani amekuzeesha hivi?" alimuuliza. Tukacheka wote, hata muuguzi. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyeingia kuomba chumvi, kwa upole tu, bila chochote. Baba akamwambia huyu ndiye Mwikali. Susu akatikisa kichwa. Alikuwa ameniona na hakunijua. Akaninyooshea mikono, nikasogea, na yeye akafumba macho yale mapya, akayafumba kwa nguvu, akapitisha viganja vyake usoni kwangu, paji, pua, mdomo, akasita hapo kwenye meno. "Ee," alisema. "Ni mimi." Alipoyafumbua tena alikuwa analia, na alinitazama safari hii kwa namna ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitazama tangu siku ile.

Aliishi misimu mingine kadhaa, akiona mahindi yake, akiona kasoro za kila mtu na kuzisema. Kobe aliuzwa, Baba Nekesa alirudi kwao Bungoma. Mimi sasa naishi Donholm, nina kigari kidogo cha chini ambacho hubadilisha gia chenyewe, na sijui kilichomo ndani yake zaidi ya pale wanaponiambia nijaze maji. Majuzi Baba aliniomba nimpeleke Mbooni, hajafika tangu tulipomzika Susu. Ni mzee sasa, mkanda wa gari humsumbua kuufunga. Tulipopita soko la chini nilikaza macho nikingoja udongo mwekundu, na sikuuona. Lami. Lami nyeusi, laini, yenye mistari myeupe, inapinda na mlima hadi juu kabisa. Kigari changu kilipanda bila hata kuhema. Msichana wa shule alitupita akishuka kwa baiskeli, ameachia breki, sketi inapepea. Tukafika kwenye boma haraka kuliko ninavyofika mjini kutoka Donholm, na hapo hapakuwa na mtu wa kuchukua, kaburi tu na migomba.

Baba hakushuka. Alikuwa amegeuka anaitazama njia tuliyopanda, mdomo wazi, na nilipomtazama usoni niliona kwamba hakufurahi, alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyeibiwa. "Hii barabara," akaniuliza, kana kwamba ni mimi niliyeificha, "ilikuwa wapi?" Nilishika usukani kwa mikono miwili nikatazama mbele.